Nyimbo Nilizozisoma Kabla ya Kuzisikia

Muziki wa kigeni mimi niliujua kwa macho kabla sijaujua kwa masikio. Nyumbani kwetu Temeke redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba, na baba ni mtu wa taarifa ya habari na dansi la zamani, basi. Lakini chini ya kitanda cha mjomba wangu, aliyekuwa baharia miaka ya tisini, kulikuwa na katoni mbili za majarida aliyokuwa akiyanunua au kuyaokota kila bandari: New Musical Express ya London, Smash Hits, Kerrang!, Rolling Stone, Vibe, The Source, na nakala tatu za Ray Gun ambazo hata mwenyewe hakumbuki alizinunua kwa nini. Nimeyasoma yote. Mengine nimeyasoma hadi gundi ikaachia.

Nataka kuzungumzia namna majarida hayo yanavyomkamata mtu. Nasema kumkamata kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kijana ambaye hajasikia hata wimbo mmoja wa bendi fulani, tena mwenye Kiingereza cha kuombea maji, anakaa sakafuni masaa matatu anasoma habari za bendi hiyo, na akimaliza anajiona kama aliyepitwa na dunia nzima. Mambo hayo hayakujitokea. Kuna watu walikaa mezani wakayapanga.

Tuanze na sura, maana jalada kazi yake ni kuuza sura. Lile la Rolling Stone la Januari 22, 1981 linamwonyesha John Lennon akiwa uchi, amejikunja kama mtoto mchanga, amemkumbatia mkewe Yoko Ono aliyevaa nguo nyeusi. Picha hiyo ilipigwa na Annie Leibovitz tarehe 8 Desemba 1980, na usiku wa siku hiyohiyo Lennon akapigwa risasi mlangoni mwa jengo alimoishi mjini New York. Jarida likaweka jina lake juu, likaiacha picha. Hakuna kichwa cha habari, hakuna "soma ndani", hakuna kitu. Mimi niliyezoea magazeti yetu ya mtaani, yenye maneno ishirini ya njano na mekundu ukurasa wa mbele na alama za kuuliza kama ndoana za samaki, nilidhani wachapaji wamesahau. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kunyamaza nako ni mtindo, ila unahitaji kuwa na jambo zito la kunyamazia.

Sasa chukua upande wa pili. Agosti 14, 1995 bendi mbili za Uingereza, Blur na Oasis, zilitoa nyimbo siku moja. Upande wa Blur ndio uliosogeza tarehe ili zigongane. New Musical Express ya wiki hiyo ikapamba jalada lake mfano wa bango la ndondi, waimbaji wa pande mbili wakitazamana kama mabondia wa uzito wa juu. Ebo! Nyimbo mbili hazina ngumi. Lakini ukishaziweka ulingoni, kila mtu lazima achague kona, hata asiyependa muziki. Ni mchezo uleule wa Simba na Yanga: wapo watu mtaani kwetu ambao hawajakanyaga uwanjani maisha yao yote lakini matokeo yakitoka hawali. Blur waliuza nakala 274,000 wiki hiyo, Oasis 216,000, na mambo hayo yakatangazwa mpaka kwenye taarifa za habari za televisheni. Hiyo nakala ya mjomba imechorwa alama ya vema kwa kalamu juu ya kichwa cha mmoja wao. Na mjomba, nawaambieni, hajapata kusikiliza Oasis wala Blur. Yeye ni mtu wa Marijani Rajabu.

Mpaka hapo unaweza kucheka. Nilipofika kwenye Vibe niliacha kucheka.

Vibe ilianzishwa mwaka 1993 na mwanamuziki mkubwa Quincy Jones, ikawa jarida la rap na R&B lenye karatasi nzito, picha za kifahari na waandishi wanaojua kuandika. Hapakuwa na kitu cha kihunihuni ndani yake. Mtu wa rap alipigwa picha kama wanavyopigwa wafalme. Toleo la Februari 1996 liliweka jaladani watu wa Death Row wa Los Angeles: Suge Knight, Dr. Dre, Snoop na Tupac, wote wakikutazama kama familia ya kwenye sinema za majambazi. Toleo la Septemba mwaka huohuo likaweka Biggie na Puffy wa New York, na maneno makubwa ya Mashariki dhidi ya Magharibi. Tarehe 7 Septemba 1996 Tupac akapigwa risasi Las Vegas, akafariki tarehe 13. Biggie aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akitoka kwenye tafrija iliyofanyika katika makumbusho ya magari ya Petersen. Mmoja wa waandaaji wa tafrija ile alikuwa Vibe yenyewe.

Matoleo hayo mawili mjomba ameyafunga nailoni, yako pembeni. Nilipomuuliza, "Shikamoo mjomba, mbona haya umeyatenga?" aliitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Hayo yana marehemu ndani, mjomba. Usiyachanganye na mengine."

Sisemi jarida liliua mtu. Bastola haikushikwa na mhariri, na ugomvi ulikuwepo kabla ya picha. Ninachosema mimi ni cha mwandishi kwa mwandishi. Ugomvi wa watu wachache, wenye majina na sababu zao, ulipowekwa chini ya neno moja fupi, "dhidi", ukawa ugomvi wa pwani mbili za bara zima, na kijana wa Chicago au wa Temeke ambaye hakukosewa na mtu akapewa adui. Neno lile ni la kichwa cha habari, lina nafasi chache, linaingia vizuri kwenye ukurasa. Nadhani lilichaguliwa kwa kutosha kwake kama lilivyochaguliwa kwa maana yake. Tangu nijue habari hiyo, kila ninapoona jina zuri la hadithi likinijia haraka haraka, nalitazama mara mbili.

Haya, sura tuziache, tuje kwenye lugha, ambako ndiko hasa nilikopata kazi ya kufanya.

Smash Hits lilianzishwa mwaka 1978 na Nick Logan, likafa 2006. Chambo chake cha kwanza kilikuwa maneno ya nyimbo, yaliyochapwa kwa rangi pamoja na picha. Hapa dada zangu watanielewa. Nani hakuwa na daftari la nyimbo shuleni, lenye maua pembeni na picha za wasanii zilizokatwa kwenye magazeti na kubandikwa kwa ugali? Dada yangu mkubwa anayo mpaka leo madaftari manne. Basi Waingereza walilifanya daftari la dada kuwa biashara, likitoka kila baada ya wiki mbili. Lakini kilichonikamata mimi kilikuwa utani wake. Jarida lile lilikuwa na Kiswahili chake, yaani Kiingereza chake lenyewe. Wakubwa walibatizwa majina ya kejeli, David Bowie akapewa cheo cha kike cha heshima, maneno ya mshangao yalivutwa marefu kama mpira, na mwanamuziki aliyejiona ametukuka aliulizwa maswali ya aina ya Jumanne ina rangi gani. Mmoja wa waandishi wake, Neil Tennant, aliacha kazi akaenda kuimba na Pet Shop Boys, na jarida likaendelea kumtania kama lilivyowatania wengine. Msomaji wa miaka kumi na tatu alijisikia yumo kijiweni na watu wazima wanaochekesha. Akikosa matoleo mawili, anarudi hajui wanacheka nini. Hapo ndipo alipokamatwa.

The Source nalo lilifunga mlango zaidi. Lilianza mwaka 1988 kama kikaratasi kilichotolewa na wanafunzi wa Harvard, David Mays na Jon Shecter. Humo albamu hazipewi nyota, zinapewa maikrofoni, na tano ni kwa nadra: Nas alizipata mwaka 1994 kwa Illmatic. Nilisoma The Source nikiwa na kamusi ya shule mkononi, nikakuta kamusi haina msaada. Maneno hayamo. Sentensi zinaenda kinyume na sarufi niliyochapiwa fimbo. Mwanzoni nilidhani ni Kiingereza kibovu, halafu siku moja nikagundua kwamba waandishi wale wanaweza kuandika Kiingereza cha mwalimu wangu na zaidi, ila hawataki, kwa sababu hawazungumzi na mwalimu wangu. Wanazungumza na jamaa aliyekaa ngazini Brooklyn. Nami, nisiye wa Brooklyn, nilisoma kwa nguvu zaidi kwa sababu sikualikwa. Ni kama watu wazima wanaponong'ona sebuleni. Mtoto aliyekuwa amelala anaamka.

Lilikuwa na safu ya Unsigned Hype, ya wasanii wasio na mkataba, wanaotuma kanda zao tu. Machi 1992 aliandikwa humo kijana mnene wa Brooklyn, naye ndiye Biggie. Nadhani kila anayetuma kazi yake kwenye kurasa kama hizi tulizomo anajua ni kwa nini safu hiyo niliirudia kuliko zote.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya. Mwaka juzi nilipeleka mswada wa riwaya yangu kwa mchapaji mmoja wa hapa jijini. Mhariri alinipokea vizuri, akaninunulia soda, akaniambia masimulizi yana nguvu lakini mazungumzo ya wahusika ni ya kihuni. "Konda wako anasema 'usimaindi'," aliniambia. "Mwandike aseme 'usikasirike'." Nikamwambia, mzee wangu, konda anayesema "usikasirike" atashushwa na abiria wake mwenyewe. Alicheka lakini hakubadili msimamo. Kiswahili fasaha, akasema, hakichuji. Maneno ya vijiweni yanakufa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mashahidi wake wako kwenye katoni za mjomba. Ukifungua The Source la miaka ile utakuta maneno yaliyokuwa moto ambayo leo anayeyatamka huchekwa kama mtu aliyevaa bugaluu kwenye harusi. Hata kwetu: wangapi bado wanasema "bomba" bila kumaanisha maji? Lakini jambo analolisahau mhariri wangu ni kwamba maneno yale yamekufa nami bado nasoma. Nasikia sauti ya mtu. Najua alikuwa na miaka mingapi, amesimama wapi, anamcheka nani. Kiingereza kilichonyooka cha Rolling Stone kinanieleza habari, na nakiheshimu, ila sijui mwandishi wake alikuwa amevaa nini.

Ubishi huu niliupeleka kwa mshikaji wangu mmoja, fundi wa kuandika mabango na daladala. Yeye majarida ya mjomba huyaazima bila kusoma hata mstari. Anatazama herufi. Kutoka kwenye Kerrang!, jarida la muziki wa magitaa makali lililoanza Juni 1981, alichukua zile herufi zilizopasuka kama kioo akaziweka kwenye kinyozi kimoja Mbagala, na wateja wakaja. (Jina lenyewe la jarida ni sauti ya gitaa likipigwa kwa nguvu, mwalimu wa Kiswahili angeliita tanakali sauti akatoa maksi.) Lakini anayemwabudu ni David Carson wa Ray Gun, ambaye mwaka 1994 alipewa mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry, akayaona yanachosha, akayapanga yote kwa herufi za Zapf Dingbats, yaani vialama na vipicha vitupu. Hakuna mtu duniani angeweza kuyasoma. Maandishi ya kawaida yaliwekwa nyuma ya jarida kwa mwenye moyo.

Mimi jambo hilo liliniudhi. Kuna mtu alikaa akauliza maswali, akaandika, akakesha, halafu fundi wa kurasa anaamua amechoka! Mshikaji akaniangalia tu. "Kaka," akasema, "wewe mwenyewe umeniambia habari za huyo Ferry mara ngapi? Mahojiano mengine yote ya kwenye hizo katoni, umeniambia lipi?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia arudishe gazeti la watu.

Mswada nimeuacha na "usimaindi" yake, ukurasa wa 41, nao sasa uko kwa mchapaji mwingine. Jalada la majaribio anachora yeye. Ameandika jina la riwaya mara nne kwenye kadibodi, mara moja kwa herufi nene za daladala, mara moja kwa zile zilizopasuka, na mbili kwa mtindo ambao hata mimi mwenye jina siwezi kulisoma. Jana tumebishana hadi saa sita usiku kama mwisho wake tuweke alama ya mshangao.