Nyanya za Mkebe Ughaibuni na Fungu la Gakoromone

Nyanya zilizopondwa na kutiwa mkebeni, yaani zile zilizomenywa, zikapondwa mpaka zikawa rojo lenye vipande, kisha zikachemshwa ndani ya mkebe uliozibwa, ni akiba isiyokosekana katika makabati ya Wakenya wengi walioko Marekani, kuanzia Lowell hadi Dallas, ilhali mpishi wa Meru au Embu anaweza kuishi maisha yake yote bila kufungua hata mmoja. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa ya uvivu na bidii, lakini hukumu hiyo si ya haki, kwa maana kinachotofautiana hasa ni mahali akiba inapokaa.

Katika soko la Gakoromone mjini Meru, nyanya hupangwa kwa mafungu, na mpishi hununua fungu moja la mchuzi wa jioni hiyo; ghala lake ni meza ya mchuuzi, ambaye ndiye anayebeba hasara ya zinazooza. Jikoni nyanya hukatwa nusu, upande uliokatwa ukasuguliwa kwenye greta mpaka ganda tupu likabaki kiganjani. Mwezi wa Januari mjini Lowell, nyanya nyingi za dukani huwa zimechumwa mbichi mbali sana na kuivishwa safarini, nazo huwa ngumu na hazina ladha, ilhali za mkebe huchumwa zikiwa zimeiva shambani, nyingi zikitoka California, jimbo linalotoa zaidi ya asilimia 90 ya nyanya za viwandani za Marekani. Kwa hiyo anayechagua mkebe wakati wa baridi amechagua nyanya iliyo bora zaidi, ingawa kachumbari haitamkubalia.

Lipo jambo moja ambalo mpishi aliyehama hulazimika kujifunza upya. Viwanda huongeza asidi ya limau ili kipimo kiitwacho pH kibaki chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa sumu ya botulizimu wanaweza kukua mkebeni, na asidi hiyo huzuia vyakula vingine kulainika. Kitunguu kisichoiva kabla ya nyanya kumiminwa hubaki kikiliza meno, na maharagwe ya githeri yaliyotiwa nyanya mapema huweza kuchemka alasiri nzima yakabaki na maganda magumu.

Mkebe wa kawaida wa Marekani una gramu 794, kiasi kisicholingana na desturi ya kununua nyanya tatu, hasa pasipo na friji, na ndiyo maana kinachouzika zaidi katika maduka ya mitaani nchini Kenya ni pakiti ndogo ya rojo zito, yaani nyanya zilizochemshwa mpaka maji mengi yakatoka.

Hata hivyo, inauma kuona makreti ya nyanya yakioza wakati mashamba ya Mbeere, Imenti na Mwea, iliyo jirani katika Kirinyaga, yanapovunwa kwa pamoja, ilhali mvua za Machi hadi Mei zikija na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, fungu lilelile hupungua nyanya huku bei ikipanda. Si lazima kungoja kiwanda: chupa ya kioo ya lita moja yenye kifuniko maalumu cha kuhifadhia, ikijazwa nyanya zilizomenywa, zikapondwa na kuchemshwa, ikaongezwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani, ambayo asidi yake haibadilikibadiliki, kisha ikafungwa na kutokoswa ikiwa imezama majini kwa saa nzima, kwa kuwa katika miinuko ya Embu na Meru maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, inaweza kukaa kabatini miezi mingi. Chupa iliyojazwa kiangazi ingefunguliwa Runyenjes mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, kitunguu kikiwa tayari kimelainika katika sufuria.