Nilivyokwenda Mafinga Kuuliza Bei ya Ukuta

Kwa mtu wa Dar es Salaam mbao ni kitu cha kwenye paa. Ukuta ni tofali, basi. Ndiyo maana nilipomwambia fundi wangu kwamba kabla ya kuanza ujenzi kiwanjani kwangu Kigamboni nataka kwanza kulinganisha gharama za fremu ya mbao na za tofali, aliniuliza kama nafungua banda la kuku. Buguruni kila muuzaji wa mbao alinitajia bei yake, na hakuna aliyeweza kuniambia mbao yake imekauka kiasi gani. Nikaona heri niende zinakotoka, Mafinga. Barabara ya huko nilikuwa sijawahi kuifuata kupita Morogoro.

Basi lilitoka Mbezi Luis alfajiri. Mikumi abiria wote tukahamia madirishani kutazama swala, kisha wote tukalala tena. Kilichoniamsha ni Kitonga. Kona za mlima ule hukufanya umtazame dereva badala ya korongo, na upande wa pili malori ya mbao yalikuwa yakiteremka kwa gia nzito, breki zikinuka mpaka ndani ya basi. Pale ndipo nilipoandika mstari wa kwanza wa hesabu yangu: mbao ya Mafinga ikifika Dar imesafiri karibu kilometa 600, ilhali tofali la saruji hufyatuliwa mtaa wa pili.

Baada ya vitunguu vya Ilula na Iringa iliyokaa juu ya kilima chake, baridi ikaanza kuingia, na kupita Ifunda miti ya paina ikatanda pande zote mbili. Shamba la Miti Sao Hill lilianza kwa majaribio mwaka 1939, na leo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Mafinga yenyewe ni mji wa mbao: vifurushi vya mbao barabarani, mabanzi yamegeuzwa uzio, maranda yanawashwa jikoni, na utomvu unanukia hadi kwenye nguo.

Nilielekezwa kwa mzee mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo inayovuma msitu mzima.

"Kamwene," nikamsalimu, salamu pekee ya Kihehe niliyokuwa nayo. Akacheka, akaniitikia, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa huruma.

"Mzee, hizi mbili kwa nne zimekauka?"

Hakunijibu. Alichukua msumari, akaupiga katikati ya mbao, na maji yakachuruzika pembeni mwa msumari. "Hii juzi ilikuwa mti, mwanangu. Ukiipeleka ukutani hivi, itajipinda na kuvunja kila ulichoibandikia."

Kwenye kenchi mafundi wengi huivumilia mbao mbichi. Kwenye fremu ya ukuta haifai. Inatakiwa ipangwe kivulini kwa vijiti katikati, au iingie tanuri la kukaushia, na kukausha ni gharama. Kisha kuna dawa. Mzee alinionyesha vipande viwili vya kijani, rangi ileile. Alipovikata kwa msumeno, kimoja kilikuwa cha kijani mpaka ndani; cha pili kilikuwa na utando wa kijani mwembamba kama karatasi, na ndani mbao nyeupe tupu. Cha kwanza kilipita kwenye tanki linalosukuma dawa kwa mgandamizo. Cha pili kilichovywa. Mchwa wa Kigamboni hahitaji miaka mingi kugundua tofauti hiyo.

Usiku, gesti, nikapiga hesabu. Shilingi siziandiki hapa kwa sababu zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma; idadi hazibadiliki. Nyumba ya vyumba vitatu yenye mita za mraba 100 ina kuta za mita za mraba zipatazo 200 ukitoa milango na madirisha. Kwa tofali za inchi sita, kumi kwa kila mita ya mraba, hizo ni tofali 2,000, takriban tani 60. Fremu ya kuta hizohizo, nguzo zikiachana sentimeta 60, hula mbao za inchi 2 kwa 4 za futi 12 mia mbili na kitu, na zikikauka hazifiki tani mbili. Nilitabasamu peke yangu.

Tabasamu halikudumu. Fremu ni mifupa. Bado inataka ngozi, tena pande zote mbili. Mita za mraba 200 za ukuta zinakuwa 400 za mbao za kufunika, plaiwudi au jipsamu, yaani shiti zipatazo 135 za futi nne kwa nane. Fedha zote zinaishia hapo. Mabati, kenchi, milango, madirisha, umeme na mabomba ni yaleyale kwa nyumba zote mbili. Msingi wa nyumba ya mbao unaweza kuwa mwepesi, lakini kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua lazima unyanyuke, kwa hiyo unachookoa ni kidogo.

Na hata hilo silo lililoniamulia. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo. Tunajenga kwa mshahara, msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, bati Mungu akijalia. Boma la tofali huvumilia: litanyeshewa misimu mitatu na kuota nyasi, na siku ukirudi na hela bado linapauliwa. Fremu ya mbao ikinyeshewa misimu mitatu ni kuni. Inataka fedha yote siku moja, ifungwe na kupauliwa ndani ya wiki chache. Ndiyo maana kule Fumba, Unguja, kunakojengwa nyumba za mbao, inawezekana: anayejenga ni kampuni yenye mtaji, kuta zinatoka kiwandani zikiwa tayari, na kila mwezi unaookolewa ni fedha.

Kwa hiyo Kigamboni nitapandisha tofali, na Mafinga nitaagiza kenchi na papi tu. Ningekuwa na kiwanja Mafinga kwenyewe, fedha yote iko mkononi na mbao iko jirani, ningejenga kwa mbao bila kusita. Nawe ukienda kununua, popote pale, usilipe kabla kipande kimoja hakijakatwa katikati mbele ya macho yako.