Udongo Unaokataa Maji

Nilianza kazi ya kitalu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukiwa bado mchanga. Ulianza mwaka 1986, wakati Bariadi yetu bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, ulioichukua Bariadi, ulikuja mwaka 2012, sisi tumeshaanza kuota mvi. Kwetu Lingeka nilikuwa kibarua wa kujaza viriba, na hakuna kazi iliyodharauliwa kama hiyo. Walioshika keni za kumwagilia walijiona mabwana miti; sisi wa viriba tulionekana wachezea tope.

Msimamizi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenionyesha kwamba udongo una tabia. Mbuga, ule mweusi, ukiloa unang'ang'ania nyayo, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Luseni ni wa kichanga, maji yanapita bila kuaga. Jaza kiriba mbuga tupu, mizizi inakosa hewa. Jaza luseni tupu, kabla ya saa nane mchana mche umeinamisha shingo. Kwa hiyo tulichanganya udongo wa juu uliotoka chini ya miti, samadi iliyooza na mchanga kidogo, tukachekecha. Samadi mbichi hakutaka hata kuiona. "Mwanangu, utaunguza watoto wa watu," alikuwa akisema, na watoto wenyewe ni mijohoro na milusina.

Katikati ya miaka ya tisini nilikwenda Arusha kutafuta maisha, nikapata kazi kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Huko ndiko nilikoiona pitimosi kwa mara ya kwanza, imebanwa ndani ya nailoni kama robota la pamba. Ni mabaki ya mimea midogo ya vinamasi vya nchi za baridi, iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Kinamasi hujaza kama milimita moja kwa mwaka, maana yake kina cha mita moja ni kazi ya miaka kama elfu. Sisi tuliitumia kuotesha vipandikizi vya maua.

Ikiloa, pitimosi hubeba maji mara nyingi ya uzito wake. Ikikauka kabisa, inayakataa. Unamwaga maji juu, yanajikusanya vidonge vidonge, yanaviringika yamebeba vumbi la kahawia, yanateremkia pembeni. Unatazama, unaona pameloa. Chomeka kidole: chini kidogo tu ni unga mtupu. Wageni wengi wa kazi walikuwa wakiongeza maji juu ya maji, sakafu inageuka ziwa na trei bado ina kiu.

Dawa yake ni kuinywesha kabla ya kuipa mmea. Tuliimwaga juu ya turubai, tukayavunja mabonge kwa mikono, tukanyunyizia maji ya uvuguvugu, maana ya baridi huingia polepole zaidi, tukageuza kwa sepetu, tukanyunyizia tena. Kisha tuliifunika ilale mpaka asubuhi. Kipimo ni konzi. Unakamata, unaminya: yakitoka matone machache, tosha; yakichuruzika, umezidisha; konzi ikisambaratika ukifungua vidole, rudi kwenye keni. Chokaa ya kilimo ilichanganywa mapema, kwa sababu pitimosi ni chachu sana, na mbolea pia, kwa sababu yenyewe haina chakula cha kutosha. Halafu unajaza trei bila kushindilia. Hapo niligombana na wengi, kwani mkono wa mtu unapenda kushindilia.

Kumwagilia kwenyewe kunahitaji subira kuliko nguvu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Anayenyunyiza kidogo kidogo kila saa analowesha uso tu, mizizi inabaki juu, na kinyausi kinapata pa kukaa: shina linalainika karibu na udongo, mche unalala. Nilijifunza kunyanyua trei kupima uzito wake badala ya kuitazama. Chungu kilichokauka mpaka mchanganyiko ukajitenga na ukingo, usihangaike nacho kwa juu. Kizamishe kwenye karai mpaka mapovu yakome.

Niliporudi Lingeka sikurudi na pitimosi, na sikuitamani. Ni mzigo wa meli, bei yake si ya mkulima wa papai. Wenzetu wa Rwanda wana vinamasi vyenye kitu cha jamii hiyo, waliwahi hata kukichoma kuzalisha umeme pale Gishoma. Kwa maoni yangu kinamasi kina faida zaidi kikiachwa na maji yake. Kokopiti ya makumbi ya nazi ni nzuri, ila lazima ioshwe chumvi, na pwani ni mbali. Huku kuna samadi, kuna pumba za mpunga, na kuna taka za viwanda vya kuchambua pamba, ambazo naziozesha muda mrefu kwa kuogopa mabaki ya dawa za wadudu. Mchanganyiko huo nao ukikauka kiangazi una ukaidi uleule, nami naunywesha vilevile, juu ya turubai, kwa maji ya dumu lililoshinda juani.

Akina mama wanaonunua miche kwangu huniuliza, "Mayu, nimwagilie mara ngapi kwa siku?" Siwapi hesabu. Nawapa viriba viwili, kimoja kimekunywa, kingine bado, wabebe kila kimoja mkono wake. Wakishaijua tofauti ya uzito hawarudi na swali hilo. Wanarudi na la kupunguziwa bei.