Kuingia si Kukaa

Katika gari kuna vitu vinavyosifiwa na kila mtu: injini, giaboksi, hata redio. Nati za magurudumu hazina wa kuzisifu. Hukumbukwa siku ya pancha. Zikafunguliwa, zikamwagwa mchangani, zikaokotwa na kurudishwa, basi. Nami naamini kwamba jinsi mtu anavyojali uhai wa wenzake huonekana hapo hapo, kwenye kitu kidogo kinachoenea kiganjani.

Wengi hudhani nati ni kizuizi tu, cha kufanya rimu isichomoke. La. Nati inapokazwa huivuta bolti, na bolti, ingawa ni chuma, hurefuka kidogo mno, kama mpira unaotaka kurudi. Mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu, na mbano huo ndio unaobeba gari. Ukilegea, rimu huanza kucheza na bolti hupindishwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Gurudumu la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 katika kilomita moja. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa hukatika. Bolti nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1996 mdogo wangu alinunua Corolla iliyotumika, akaiondolea rimu za chuma na kuivisha za alumini. Muuzaji wa rimu alimpa na mfuko wa nati 16. Jioni hiyo zikaja habari kwamba mjomba wetu amefariki Lushoto, na mazishi ni kesho adhuhuri. Mama alikuwa amekwisha kufunga kanga yake, anangoja barazani.

Nilizimwaga zile nati juu ya gunia, nikazijaribu moja moja kwa vidole. Tatu zilizunguka mara mbili zikagoma. Zilikuwa za milimita 12 kama zinavyotakiwa, na spana namba 21 ilizishika sawasawa, lakini meno yake yalikuwa ya Nissan: nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, na ya Toyota ni 1.5. Nati kama hiyo hulazimishwa kwa spana ndefu ikaingia, nayo huyatafuna meno ya bolti. Nyingine nne zilikuwa na meno ya haki, ila uso wake ulikuwa bapa, na matundu ya rimu zile yalichongwa kwa mteremko, yakitaka nati yenye uso wa koni. Nati bapa hapo hugusa ukingo tu. Inaingia, lakini haikai.

"Kaka, nati ni nati," mdogo wangu alisema. "Unataka mama akose kumzika ndugu yake?"

Neno hilo lilinichoma. Niliwaza barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Soni, jabali upande huu na bonde upande ule. Nikamjibu kwamba namtaka mama afike. Tulizunguka madukani Tanga mpaka saa mbili usiku tukapata saba zilizo sahihi. Alfajiri tukaondoka, na mjomba tukamzika. Tangu Muheza hadi Korogwe mdogo wangu hakusema nami. Tulipofika Mombo alisimamisha gari mwenyewe, akatoa spana, akazipima nati zote kabla ya kuanza mlima.

Hilo la kupima tena si woga. Rimu mpya huhitaji kujipanga, kwa hiyo nati hukaguliwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwanza husuguliwa kutu na vumbi kwenye habu. Nati huanzwa kwa vidole, na kwa bolti ya aina ile izunguke angalau mara nane. Hukazwa kwa kuvukana, hii kisha inayoielekea, na mkazo wa mwisho hutolewa jeki ikiwa imeshushwa. Bolti haipakwi grisi, maana utelezi huifanya ivutwe kupita kiasi. Wala hairukiwi kwa miguu juu ya spana. Corolla kama ile hutaka nyutonimita 103 tu. Bolti iliyovutwa kupita uwezo wake hupoteza ule mvuto wa kurudi.

Mwenye gari anaweza kuinama akauliza: meno ni ya gari hili? Uso umelingana na tundu? Abiria hawezi. Mama alipanda kiti cha nyuma na tasbihi yake, akafunga mlango, hakuuliza lolote juu ya nati. Kila siku maelfu hupanda namna hiyo, kwenye basi na kwenye daladala. Anayeshika spana anashika amana ya watu ambao hawatajua kamwe kama aliifanya kazi yake vema.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na huu mwiba mara nyingi huwa katika mguu wa mtu mwingine.