Kayukiyuki: Ua Lililomchubua Ng'ombe

Yapo maua ambayo mtu huyapenda kwa kuwa hayajamdhuru yeye mwenyewe. Lantana ni mojawapo. Majani yake hukwaruza na yakisuguliwa hutoa harufu kali, lakini juu huvaa vishada vya njano, vyekundu na vya waridi, pengine rangi zote hizo katika kishada kimoja. Asili yake ni Amerika ya joto. Wazungu waliusambaza mmea huo duniani kama pambo la bustani, na mwaka 1753 Linnaeus akauandika kwa jina la Lantana camara. Kwa Kiganda huitwa kayukiyuki. Ndani ya jina hilo anasikika nyuki, ambaye Waganda humwita enjuki, na kwa hiyo mtu alisikiapo hufikiri asali. Nani atakayeogopa kitu chenye jina la namna hiyo? Watoto huchuma vitunda vyake vyeusi vilivyoiva bila kuonywa kwamba vile vya kijani vina sumu.

Sisi wa Busoga tungepaswa kuujua vizuri zaidi. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na biashara kuvurugika, mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa, na lantana ikayafunika. Mbung'o wakapata kivuli chao karibu kabisa na nyumba za watu, na mwaka 1976 ukazuka ugonjwa wa malale uliowaua wengi. Wazee wetu hulikumbuka jambo hilo. Hata hivyo mmea wenyewe tumeuacha kuwa ua wa boma, kwa sababu ni bure na mbuzi hawaupendi.

Kiangazi cha mwaka juzi mjane mmoja wa kijijini kwetu alikuwa na mtamba wa Kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyeletwa kutoka mbali. Malisho yalipokauka, mtamba huyo alianza kula ua wa boma. Ng'ombe wa kienyeji wazoefu huupita mmea huo. Mgeni mwenye njaa haujui. Baada ya siku mbili aliacha kula, akafunga choo, macho yakawa ya manjano, akawa anatafuta kivuli kama mwizi. Kisha ngozi ya puani ikapasuka, na ya mgongoni ikaanza kubanduka vipande vipande.

Mjane alipoona hivyo alitoka nje akapiga yowe. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake, na mara akamtaja kwa jina: amemmwagia ng'ombe maji ya moto usiku. Vijana walikwisha kushika fimbo. Bahati njema bwana mifugo alifika kabla hawajavuka njia.

"Mwanangu," mjane alimwambia, "tazama ngozi hiyo. Si maji ya moto?"

"Mama, shikamoo kwanza," akajibu, akainama na kupitisha kidole mgongoni mwa mnyama. "Tazama nawe. Palipo peupe pamechubuka, palipo peusi ni pazima. Maji ya moto hayachagui rangi."

Akatueleza sote, na wale vijana wakisikiliza. Sumu ya lantana hushambulia ini na kuziba njia ya nyongo. Rangi ya kijani ya majani anayokula ng'ombe hugeuzwa tumboni kuwa kitu kingine, ambacho ini lenye afya hukitoa pamoja na nyongo. Nyongo ikizibwa, kitu hicho huingia katika damu na kufika ngozini, na jua likikipiga huunguza. Ngozi nyeusi hujikinga. Nyeupe haina kinga. Ubaya zaidi ni kwamba tumbo la kwanza husimama kufanya kazi, kwa hiyo majani yaliyoliwa hubaki humo yakiendelea kutoa sumu.

Mtamba alifungiwa gizani na kunyweshwa mkaa maalumu wa dawa uliokorogwa kwa maji mengi, maana mkaa huo hunasa sumu tumboni. Alikufa siku ya nane. Yule jirani aliyetuhumiwa alikuja kusaidia kumfukia, na kwa maoni yangu kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko hotuba yoyote ya upatanisho.

Kuung'oa mmea huo si kazi ya siku moja. Ukikatwa huchipua, ukichomwa moto huchipua. Sharti uchimbwe kwa sururu pamoja na mizizi. Matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani, kwani majani makavu nayo yana sumu. Kuna waliotegemea wadudu: katika miaka ya 1960 mdudu mmoja mla lantana aliletwa Uganda, akaonekana anashambulia na ufuta pia. Ndege nao hula vitunda vilivyoiva na kuzidondosha mbegu popote watuapo. Pale alipolima yule mjane mabingobingo badala ya ua wa zamani, miche ya kayukiyuki huota kila masika, naye huing'oa ikiwa bado na majani manne.