Bunduki Isiyo na Tundu

Bastola ya Han Solo katika Star Wars ya mwaka 1977 ni Mauser. Namaanisha Mauser yenyewe, C96, bastola ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1896, ambayo watengenezaji wa filamu waliikodi London kwa Bapty, kampuni inayokodisha silaha za kuigizia. Wakaifunga darubini juu, wakaivalisha kipande cha chuma mdomoni, wakaongeza vikorokoro ubavuni, basi, ikawa silaha ya sayari nyingine. Wale askari wa mavazi meupe nao walishika Sterling, bunduki ya Kiingereza, iliyobandikwa vitu vivyo hivyo. Roger Christian, aliyeongoza ubandikaji huo, aligawana tuzo ya Oscar na wenzake kwa kazi ya mandhari ya filamu ile. Agosti 2022 mojawapo ya Mauser hizo iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.

Nilipoyajua haya nilicheka, halafu kicheko kikaniishia njiani. Askari wa Wajerumani waliokuja huku kwetu Rufiji mwaka 1905 kuzima Maji Maji walibeba bunduki za muundo wa Mauser. Kumbe silaha ya kesho, ukiikwangua rangi, chini yake unakutana na silaha ya juzi, ile ile iliyowahi kuwaelekea watu wa Mohoro na Ngarambe.

Mimi nilikuwa nataka kuitengeneza. Siyo kuinunua, hela hiyo sina, na hata ningekuwa nayo ningejenga nyumba. Kuitengeneza kwa mikono, uani kwa dada yangu, Kibiti. Duniani kuna watu wengi wa ugonjwa huu. Wanabishana kuhusu milimita mbili za mpini, wanatafuta skrubu ya mwaka fulani kana kwamba wanatafuta mke. Wangu ulianzia kwenye banda la video, enzi za kaseti zilizoingizwa sauti ya Kiswahili na kina Lufufu. Mtafsiri alikuwa akiongea juu ya milio ya risasi, mara nyingine akiiongezea chumvi mwenyewe kwa mdomo, na sisi watoto tulitoka pale tukiwa na vidole vilivyonyooshwa, kila mmoja na mlio wake. Nimekua, nimeoa, mlio haujanitoka.

Nikachora mchoro. Nikauacha mezani, dada akaukuta.

Kwa msomaji aliye mbali, itabidi nieleze kidogo. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu wasiojulikana walikuwa wakiua. Waliua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, askari. Walikuja usiku, wengine kwa pikipiki, wakamwita mtu kwa jina, akatoka. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Jaribu Mpakani wakitoka lindoni, na silaha zao zikachukuliwa. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Novemba mwaka huo huo Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alichukuliwa hapa Kibiti na hajaonekana tena. Kuna watu wa kwetu ambao mpaka leo mbwa akibweka saa nne usiku wanazima taa kwanza ndipo wanauliza nani.

Dada ni mmoja wao. Hakunigombeza. Aliuweka mchoro chini taratibu kama mtu anayetua yai, akasema, "Mdogo wangu, hiki kitu hakilali kwenye nyumba yangu."

"Ni cha mbao, dada. Ni cha sinema."

"Wewe ndiye unayejua ni cha mbao. Mwenye kukiona gizani atajuaje?"

Nililala na swali hilo. Kwa wenzangu wa huko nje, kazi ya mfano wa silaha ya filamu ni moja: ifanane. Ukiiweka kando ya ile ya kwenye kioo, mtu asitofautishe. Dada alikuwa ananidai kazi ngumu zaidi ya hiyo. Ifanane kiasi cha kunitosheleza mimi, na isifanane kiasi kwamba jirani akichungulia juu ya ua moyo wake usiruke hata pigo moja. Nilirudi kwake kesho yake nikamwuliza isiwe na nini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Isiwe nyeusi," akasema. Akatoa punje mbili tatu za mawe. "Na mdomoni isiwe na tundu."

Hapo ndipo kazi ilipoanza kunoga, nisiseme uongo. Ukiikataza bunduki rangi nyeusi na tundu, umeivua karibu kila kitu ambacho jicho linakitafuta. Kinabaki kimo chake: mpini unaoshuka, mwili unaokwenda mbele, mahali pa kidole. Nikaanza kutazama vitu vya nyumbani kwa macho ya mwizi. Pampu ya baiskeli, kwa mfano, ina umbo zuri sana. Tochi ya zamani ya betri tatu, ile ya bati, shingo yake ina mikunjo utadhani ilichorwa na watu wa angani. Nikaichukua shingo hiyo na kioo chake, nikaiweka mdomoni mwa silaha yangu. Pale risasi ingetokea pana kioo, na nyuma ya kioo pana taa. Tundu halipo.

Mwili niliutaka wa mbao, na mbao niliyoitaka ni mkomafi. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko wa mahali pamoja kuliko wote Afrika Mashariki, lakini usidhani unaingia tu na shoka. Ni hifadhi, kukata ni kwa kibali. Nikateremka mpaka Nyamisati, pale watu wanapopandia boti za Mafia, nikamwomba fundi wa mashua kipande kilichobaki kwenye kazi yake. Alinipa cha urefu wa mkono, chenye ufa upande mmoja. Mkomafi una wekundu wake wa ndani, na chini ya patasi unakatika kwa adabu, haurushi vibanzi hovyo. Fundi akaniuliza ninatengeneza nini. Nikamwambia bunduki ya sinema. Akanyamaza muda, akaukagua ule ufa kwa kidole gumba, kisha akasema ufa ule ungekuwa kwenye mtumbwi ungeua watu, kwenye sinema hauna neno.

Nilitumia wiki tatu kwa mpini peke yake. Wajuzi wa Mauser wanasema mpini wake ni kama wa ufagio, mwembamba na wa duara, na kwa kweli haushikiki vizuri. Niliuacha huo. Nikauchonga kwa kuufuata mpini wa jembe la dada uliolika kwa miaka ya kulima mpunga bondeni, wenye shimo dogo pale kidole gumba kinapokaa. Ukiushika, mkono unakumbuka kazi nyingine kabisa. Ubavuni nikaweka vitufe vya rimoti iliyokufa, bati la redio lenye vitundu vya spika, na indiketa ya bodaboda, ya rangi ya chungwa, inayowaka ukibonyeza. Indiketa hiyo niliinunua kwa muuza vyuma chakavu na nikabaki nayo mfukoni siku mbili kabla ya kuamua. Kulikuwa na wakati huku mwanga wa pikipiki usiku haukuwa mwanga wa heri. Nikaibandika hata hivyo.

Rangi sasa. Niliwaza kijani, nikawaza fedha kama sufuria. Mwishowe nikachemsha magamba ya mkandaa niliyobandua kwenye boriti kuukuu ya kibanda kilichoanguka. Gome la mkandaa ndilo lililokuwa likitumika tangu zamani kutia ngozi rangi. Maji yakawa mekundu kama chai iliyosahaulika jikoni, nikapaka mikono minne, nikisugua kwa msasa kila mkono ukikauka. Ilitoka rangi ya udongo wa delta maji yakikupwa. Nani ameona silaha ya rangi hiyo?

Kabla sijaunganisha vipande nilikwenda ofisi ya mtendaji. Nilibeba mchoro, sikubeba kitu. Mtu yeyote wa huku anaelewa kwa nini: katika miaka ile, waliokuwa wakifuatwa majumbani ni watu wa viti vile vile. Huwezi kumwingilia mtendaji wa Kibiti mlangoni na umbo la bunduki mkononi, hata liwe la keki. Mtendaji ni mama wa makamo. Nilimwamkia, nikamweleza, nikaogopa atacheka au atapiga simu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza kama kuna bomba la chuma ndani. Swali la mtu anayejua, maana huku kwetu fundi akionekana uani na mbao na bomba, neno la kwanza linalokuja ni gobole, ile bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti, ya wawinda nguruwe na wa mambo mengine, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Nikamwambia hakuna bomba, kuna tochi. "Tochi," akarudia. Akaniambia nikimaliza niilete mchana, wakati wa watu wengi, na niibebe kwenye kapu.

Nilipokuwa shule ya msingi tuliigiza vipande vya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Wajerumani wetu walibeba mabua ya mtama. Nilikuwa Mjerumani, kwa sababu ya urefu. Mtu anayetajwa katika tamthilia ile, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, safari isiyo ndefu kutoka hapa nilipo, na ahadi iliyobeba jina la vita vile ilikuwa kwamba risasi zitageuka maji. Wengi wanaitaja ahadi hiyo kwa kuwasikitikia wazee, kana kwamba hawakuwa na akili. Mimi, baada ya miezi miwili ya kusugua mkomafi, naiona kama hitaji la mtu mwenye akili timamu kabisa: kwamba kitu kile kibaki na umbo lake lote na kisiue. Hawakuupata. Bua la mtama jukwaani linaupata kila mara, tena bure.

Bunduki huku zina tabia ya kubadilishwa kazi. Manowari ya Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilikuja kujificha kwenye mikono ya delta yetu, ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa kwenye matope, ikatengenezewa magurudumu, ikaendelea kupiga nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha. Ni ufundi mkubwa, sikatai. Ila ni ufundi ule ule wa Bapty: chukua kinachoua, kiongezee kitu, kiendelee.

Ninachokipenda zaidi kiko katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, riwaya ambayo ningependa isomwe na kila anayedai Kiswahili hakina hadithi za anga. Dzombo anahukumiwa kufa, na chombo cha kumwulia ni chombo cha angani; wanamfungia humo ili asirudi. Badala ya kumwua, kinamfikisha kwenye sayari ya watu wanaoishi vizuri kuliko sisi. Kitanzi kimegeuka usafiri. Nilikisoma tena kitabu hicho wakati gundi ikikauka.

Mtendaji ameshaiona, mchana, kutoka kapuni. Aliishika, akabonyeza indiketa, ikawaka, akasema ni nzito kuliko alivyodhani. Dada bado hajaishika. Inalala stoo, juu ya gunia la mpunga, na stoo ni sehemu ya nyumba, kwa hiyo nahesabu hatua moja.

Kimebaki mlio. Nina kadi ya salamu iliyokuwa ikiimba, fundi redio amenitolea kispika chake na kuniambia kinaweza kutiwa sauti yoyote ya sekunde chache. Mlio wa silaha za Star Wars ulipatikana pale Ben Burtt, mtu wa sauti wa filamu ile, alipogonga kwa nyundo waya ulioshikilia mnara wa antena. Sikutaka kwenda kugonga minara ya watu. Nikaukaza waya wa dada wa kuanikia nguo, kutoka mnazini hadi kwenye nguzo ya choo, nikaweka simu sikioni mwa waya, nikaugonga na kijiko. Piuuu. Ulilia vizuri, mwembamba, ukapotelea kwenye minazi. Nikagonga tena, na tena, mpaka dada akatoka jikoni na beseni la nguo mbichi kiunoni.

"Ndiyo mlio wenyewe huo?"

"Ndio."

Akatega sikio. Nikagonga mara nyingine.

"Haya," akasema, "toka sasa nianike."