Walimu wageni wa Japani na kipaza sauti cha jioni

Tangu 1987 serikali ya Japani huita kila mwaka vijana kutoka nchi nyingi waje kusaidia kufundisha lugha, hasa Kiingereza, katika shule za serikali. Mpango huo unaitwa JET. Wengi wao hawapelekwi Tokyo. Wanapangwa katika vijiji vya wavuvi na wakulima wa mpunga, kama vile eneo la Tohoku, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako vijana wenyeji wanahamia mijini na wazee ndio wanabaki.

Kijana anayefika huko ana diploma ya chuo kikuu, lakini haombwi kujua Kijapani wala kuwa amesomea ualimu. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa hadi miaka mitano. Mshahara unatoka kila mwezi, pasipo wazazi kuombwa prime. Walimu wa hapa Kongo wanaosoma habari hii wataguna.

Asubuhi anavua viatu mlangoni mwa shule na kuvaa vile vya ndani. Darasani hafundishi peke yake. Mwalimu Mjapani ndiye mwenye somo. Siku nyingine kazi yake ni kusoma sentensi na watoto wanarudilia, sawa na redio ya kaseti. Wengi wanalalamikia jambo hilo, na wana haki: mtu kuvuka bahari ili awe kaseti ni hasara. Saa ya chakula ndiyo yenye faida. Watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe, wanagawa wali, supu, samaki na maziwa, na mwalimu anakula nao chakula kilekile. Kisha wote wanashika vitambaa na mifagio, maana huko wanafunzi ndio wanaosafisha shule. Hapo ndipo mtoto asiyefungua mdomo darasani anamuuliza mgeni kama kwao ana mbwa.

Nyumbani ni upweke. Theluji ikianguka, mwalimu anakaa karibu na jiko la mafuta ya taa. Siku nyingine jirani anaacha mboga za shamba mlangoni bila kusema neno.

Jioni, katika miji mingi, vipaza sauti vilivyo juu ya milingoti vinapiga wimbo mfupi. Watoto wanajua kwamba saa ya kurudi nyumbani imefika. Lakini wimbo huo pia unapima kama vipaza sauti vinafanya kazi, kwa sababu ndivyo vinavyotangaza hatari. Mgeni anausikia kila siku. Tangazo lenyewe likija, kwa Kijapani cha ofisi, anaweza asielewe hata neno moja.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 9. Taylor Anderson, Mmarekani wa miaka 24, alikuwa akifundisha Ishinomaki tangu 2008. Alibaki na wanafunzi mpaka wazazi wakaja kuwachukua, halafu akapanda baiskeli yake kuelekea nyumbani. Tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari, ikamchukua. Mwenzake Monty Dickson, wa Alaska, alifia Rikuzentakata. Watu zaidi ya 18 elfu walikufa au kupotea. Waliookoka walijazana katika kumbi za michezo za shule, familia na familia, juu ya kartoni na mablanketi. Wale waliowahi kulala katika madarasa ya Kivu hawahitaji kuelezwa.

Ndugu wa walimu wageni walipiga simu wakiwaomba warudi kwao. Kuna waliorudi, na hakuna wa kuwalaumu. Wengine walibaki wakatoa matope ndani ya nyumba za watu.

Wazazi wa Taylor walianzisha mfuko wa kuzipatia shule za eneo hilo vitabu vya Kiingereza. Rafu za kwanza zilitengenezwa na seremala wa Ishinomaki aliyepoteza watoto wake watatu katika maji yaleyale. Wanafunzi wa shule ya msingi wanaovifungua vitabu hivyo leo hawakuwa wamezaliwa mwaka ule.